Uuzaji wa Pombe na Uuzaji wa Dawa za Kulevya: Je, Uovu Wake ni Mmoja?

Hotuba ya Kamati iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Chama, Makina, Kibera

Bwana Mwenyekiti, Wazee wetu waheshimiwa, Mabibi na Mabwana, wanachama wenzetu.

Mkutano Mkuu uliopita ulitupa sisi wanakamati kazi iliyo nzito. Tuliagizwa tufikiri, tuulizane, kisha tulete jawabu la swali hili: mtu auzaye pombe na mtu auzaye bangi au unga, je, uovu wao ni mmoja, au mmoja amemzidi mwenziwe? Swali hilo halikuzuka bure. Lilizaliwa na jambo lililotukia mikononi mwetu sisi wenyewe, nasi twaona ni haki tulieleze kwanza, kwa kuwa si wanachama wote waliokuwapo.

Tulipokuwa tukichanga fedha za karo za watoto yatima, bwana mmoja mwenye baa alituletea mchango mnono. Tuliupokea kwa makofi, na jina lake likasomwa kwa sauti mbele ya watu. Siku ya pili yake alikuja kijana wa hapa hapa mtaani, ambaye sote twamjua kuwa huuza misokoto ya bangi, akatoa bahasha yake. Tuliirudisha. Hakututukana wala hakuinua sauti. Alisema tu, "Shikamooni wazee wangu. Na ile ya jana, mliinusa kabla ya kuipokea?" Kisha akaenda zake. Baadhi yetu tulicheka alipokwisha kutoka, lakini kicheko kile hakikufika mbali, maana hapakuwa na hata mmoja wetu aliyekuwa na jawabu la kumpa.

Wazee wetu, kabla ya kumpima mtu mwingine yafaa tujipime wenyewe. Wahenga walisema nyani haoni kundule. Sisi wana wa Makina hatuwezi kuisema habari ya pombe kana kwamba twaisikia kutoka mbali. Babu zetu walikuwa askari Wasudani waliotumikia jeshi la King's African Rifles, wakaruhusiwa mwanzoni mwa karne ya 20 kukaa katika msitu huu, nao wakauita Kibra, maana yake msitu. Mwaka 1918 Serikali ilitangaza zaidi ya ekari 4,000 kuwa ardhi ya jeshi. Kwa askari wengi makao hayo ndiyo yaliyokuwa pensheni yao. Mwaka 1928 uangalizi wa mahali hapa ulitoka kwa jeshi ukaenda kwa utawala wa raia, na tangu hapo watu wetu walihesabiwa kama wapangaji wa muda juu ya ardhi waliyozaliwa. Hati ya ardhi ya jumuiya iliyotolewa mwaka 2017 ilikuwa ya ekari 288.

Hatuyataji haya ili kulalamika, kwa kuwa leo si siku yake. Twayataja ili ieleweke ni katika hali gani mwanamke mjane, asiye na hati ya shamba wala leseni ya duka, alitafuta riziki. Aliuza maziwa na mboga. Alisuka mikeka na makawa. Na mara nyingi alikeneka pombe kali. Ustadi huo ulikuja na askari. Hata neno waragi, ambalo ndugu zetu wa Uganda hulitumia mpaka leo, wako wasemao kwamba asili yake ni araki ya Kiarabu. Pombe ya hapa ilijulikana mji mzima kwa jina la jini ya Wanubi, na wanywaji walitoka kila pembe ya Nairobi kuifuata. Twasema bila kuficha: wako kati yetu, na wako ndani ya kamati hii, ambao karo zao za shule zililipwa na haboba zao kwa fedha ya mtambo. Vitabu tulivyosomea vilinunuliwa kwa tone lililodondoka usiku, huku mtoto mmoja amesimama mlangoni kutazama kama polisi waja.

Basi na tuitazame sheria ya siku zile. Mikataba ya mataifa iliyofanywa Brussels mwaka 1890 na Saint-Germain mwaka 1919 ilikusudia kuzuia pombe kali zisiuziwe Waafrika katika sehemu kubwa ya bara hili. Haboba aliyekeneka alivunjiwa vyombo, akatozwa faini au akafungwa. Lakini mwaka 1922 kampuni ya Kenya Breweries ilianzishwa hapa hapa Nairobi, na bia yake ikauzwa kwa leseni na kwa heshima. Katika miaka hiyo hiyo ya 1920 wakuu wa mji wenyewe walikuwa na jumba lao la pombe Pumwani, wakawauzia Waafrika pombe ya kienyeji, na faida yake ikawekwa katika mfuko wa ustawi wa Waafrika. Wanachama wa chama cha ustawi na walitafakari hilo. Aliyeuza pombe kwa ajili ya ustawi wa mji aliitwa mtawala mwema; aliyeiuza kwa ajili ya ustawi wa wajukuu wake aliitwa mhalifu.

Uganda nako mambo yalikuwa kama hayo. Sheria ya Enguli ya mwaka 1965 ilimtaka mkenekaji wa kijijini awe na leseni na auze pombe yake kwa kiwanda, nacho kiwanda kiisafishe na kuitia katika chupa. Tone lilikuwa lile lile. Lililobadilika ni mkono uliopokea fedha. Kwetu Kenya, sheria ya mwaka 1980 ilikataza chang'aa kabisa, na sheria ya mwaka 2010 ikaliondoa katazo hilo, ikaruhusu chang'aa iliyotengenezwa kwa kanuni na kwa leseni. Kwa hiyo mtu aliyefungwa mwaka 2009 kwa kosa la chang'aa alimwona jirani yake akiruhusiwa mwaka uliofuata kuomba kibali cha kitu kile kile.

Kutokana na hayo twapata somo la kwanza, nalo ni hili: sheria peke yake haitoshi kutuambia lililo jema na lililo ovu. Kijana wetu wa misokoto asema, "Bangi yangu ni kosa kwa kuwa tu imeandikwa hivyo katika sheria ya mwaka 1994, kesho wakiandika vingine, nami nitakuwa mfanyi biashara mwenye heshima." Hatuwezi kumwambia kwamba asema uongo. Lakini twaweza kumwambia kwamba hajasema yote. Sheria hata ikiwa na kasoro, anayeivunja kwa siri huvuta pamoja naye watu wasiohusika: mtoto anayetumwa kupeleka mzigo, mama ambaye nyumba yake hupekuliwa usiku wa manane, na askari anayezoea hongo mpaka hawezi tena kuishi pasipo hongo. Mzigo huo haboba zetu waliujua, nasi tuliouangalia mlango tuliujua.

Somo la pili twalipata katika dini. Wengi wetu hapa ni Waislamu, na kila aliyekaa chuoni ajua kwamba kileo kimekatazwa katika Kurani waziwazi, na ya kwamba mafundisho ya Mtume hayakumlaumu mnywaji peke yake, bali yalimtaja pia akamuaye, achukuaye, auzaye na alaye thamani yake. Wanazuoni waliposema bangi ni haramu waliipima kwa pombe; hawakuipima pombe kwa bangi. Basi Mwislamu anayempa mgongo muuza bangi, na huku amempangisha mwenye baa chumba chake na kula kodi ya kila mwezi, amepindua mizani. Amesamehe lile lililotajwa kwa jina, akalilaani lile lililopimwa kwalo.

Ndugu zetu Wakristo wa mtaani nao wana mafundisho yao. Wako wanaokataza kileo kabisa, na wako wanaosema kosa ni ulevi, si kinywaji. Twawaheshimu wote. Lakini hata mwenye kusema kosa ni ulevi, muuzaji hawezi kujificha nyuma ya neno hilo, kwa sababu yeye ndiye anayemwona mteja akipita kutoka kinywaji kuingia katika ulevi, naye ndiye anayemjazia bilauri.

Tena ziko mbao ambazo wanazuoni wenyewe walizikuta ngumu kupasua. Katika karne ya 16 Ibn Hajar al-Haytami wa Makka aliulizwa na watu wa Yemeni habari za miraa, nao watu wa huko walikuwa wamegawanyika. Aliandika risala nzima juu yake, na hakukata kwa yakini ya kuwa ni haramu, bali aliwashauri watu wajiepushe nayo. Uingereza iliikataza miraa mwaka 2014. Kenya inaihesabu kuwa zao la shamba kama majani ya chai. Twautaja mfano huu kwa makusudi, ili mzee aliye na fundo la miraa mfukoni mwake leo asidhani kwamba maneno haya yamewahusu vijana tu.

Sasa tuje kwenye madhara. Shirika la Afya la Ulimwengu lilikadiria kwamba mwaka 2019 watu kama milioni 2.6 walikufa duniani kwa sababu ya pombe, na watu kama laki 6 kwa sababu ya dawa nyingine za kulevya. Asiyetazama vizuri atasema, basi pombe ni mbaya zaidi mara nne. Hesabu haiendi hivyo, maana wanywaji wa pombe ni wengi mno kuliko watumiaji wa heroini, na kinachotumiwa na wengi kitaua wengi hata kama sumu yake ni ndogo. Lakini hesabu hiyo yatosha kumnyima muuza pombe neno moja alipendalo, yaani kwamba biashara yake haina maiti.

Maiti zipo, tena tumezizika. Novemba mwaka 2000, katika vijiji vya Mukuru hapa Nairobi, watu zaidi ya 130 walikufa na wengine wakapofuka kwa kunywa pombe iliyotiwa methanoli. Mwaka 2014 makumi ya watu walikufa vivyo hivyo katika wilaya kadha wa kadha, na Februari mwaka 2024 Kirinyaga ikalia. Methanoli hainusiki wala haionjeki kwa mlevi. Hugeuka sumu ndani ya mwili, ikaanza na macho. Aliyeitia katika pombe ili mtungi uongezeke, tumwite muuza pombe au tumwite muuaji? Na je, amelingana na haboba aliyejua moto wake, akamwaga tone la kwanza kwa kuwa alijua lina madhara, naye mwenyewe akalionja lililobaki kabla ya kumpa mteja?

Kwa sababu hiyo, sisi wanakamati twaona kwamba swali la mkutano uliopita halikuulizwa vema. Haitoshi kuuliza, "Auza nini?" Yatupasa kumwuliza muuzaji maswali manne, yawe ya pombe, ya bangi, ya vidonge au ya unga.

La kwanza: mnunuzi wako ajua anachonunua? Auzaye kitu kingine kwa jina la kitu kingine ni mwizi kwanza, kisha huenda akawa muuaji.

La pili: mnunuzi wako aweza kusema hapana kesho? Hapa ndipo unga wa heroini unapojitenga na vingine vyote. Wanywaji wengi wa bia waweza kuiacha kwa juma moja. Mtumwa wa heroini huamka mwili wauma, jasho lamtoka, tumbo lamkata, wala hatafuti raha tena bali hutafuta kupona ugonjwa uliotiwa na dawa ile ile. Muuzaji wake hauzi bidhaa; huuza ufunguo wa pingu alizozifunga mwenyewe. Hata hivyo, muuza pombe asifurahi, maana naye anao wateja wa namna hiyo, na awajua kwa majina: ni wale wanaogonga mlango wake alfajiri huku mikono yatetemeka.

La tatu: mnunuzi wako ni nani? Sheria yetu yakataza kumwuzia pombe aliye chini ya miaka 18. Muuza misokoto hana ubao wa umri ukutani, na mteja wake mara nyingi amevaa sare ya shule. Hili ndilo jawabu ambalo kijana wetu hakulisikia siku ile. Lakini mwenye baa naye aulizwe ni nani aliyemtuma mtoto wa miaka kumi kumchukulia baba chupa, na ni nani aliyempa.

La nne: biashara yako yafuatana na nani? Mwaka 2018 ndugu wawili wa Mombasa, Baktash na Ibrahim Akasha, walikiri mbele ya mahakama ya New York makosa ya heroini na dawa nyinginezo, pamoja na kuwahonga watumishi wa umma wa Kenya. Mmoja akahukumiwa miaka 25 na mwenziwe miaka 23. Biashara ya namna ile haikai katika nyumba moja. Hununua polisi, na ikipata nafasi hununua mahakama, na siku moja wananchi huamka wakakuta hakuna pa kupeleka malalamiko.

Tukiyatumia maswali hayo, twaona kwamba wauzaji hawalingani wala hawagawanyiki makundi mawili tu. Auzaye heroini ndiye mwovu kuliko wote, naye atiaye methanoli katika pombe yu pamoja naye. Auzaye chochote kwa mtoto yuko karibu nao, hata kama chupa yake ina leseni na muhuri. Baada yao waja wenye baa na wauza bangi kwa watu wazima, na baina ya hawa wawili hatukuona tofauti kubwa ya moyo, isipokuwa mmoja ameruhusiwa na mwingine hakuruhusiwa. Na haboba zetu? Hatuwezi kusema hawakufanya kosa, maana wao wenyewe walisema ni kosa. Wengi wao waliiacha kazi hiyo mara watoto walipopata mishahara, wakaenda msikitini wakalia. Heshima twayowapa ni kwa sababu hawakuiita halali.

Ziko nyudhuru mbili ambazo kila muuzaji huzitoa. Wa kwanza ni huu: nisipouza mimi atauza mwingine. Neno hilo laweza kuwa kweli, wala halimsaidii asemaye. Mauti yatamfikia kila mtu, lakini hilo halimpi mtu ruhusa ya kuua. Wa pili ni mzito zaidi: nauza kwa ajili ya watoto wangu. Udhuru huu hatuudharau, maana ndio uliotusomesha. Lakini twauliza: chama cha ustawi kilikuwa wapi mama yule alipokuwa akitafuta mtaji wa kuuza maandazi? Kama hatukumpa njia nyingine, basi sehemu ya kosa lake imeandikwa katika daftari letu.

Kwa hayo yote, twaleta mashauri haya mbele ya Mkutano, yakubaliwe au yakataliwe.

Kwanza, tangu sasa mfuko wa karo na mfuko wa maziko visipokee mchango ujulikanao kuwa umetoka katika biashara ya kileo chochote, kiwe cha leseni au cha kichochoroni. Mizani iwe moja. Twajua kwamba shauri hili litapunguza mfuko. Kwa hiyo twaomba pia ada ya kila mwanachama iongezwe, na sisi wanakamati tutatangulia kulipa.

Pili, hakuna mtoto atakayenyimwa karo wala maiti itakayokosa kuzikwa kwa sababu ya kazi ya mzazi au ya ndugu. Tunakataa fedha, hatukatai watu.

Tatu, sehemu ya ada iwekwe kuwa mkopo usio na riba kwa mama au kijana aliye tayari kuacha kuuza, apate mtaji wa kazi nyingine.

Nne, wenye nyumba kati yetu, hapa Makina na kwa jamaa zetu wa Kawangware, wasiwapangishe wauza unga, na wauangalie upya mkataba wa kila chumba kinachouziwa pombe.

Tano, watumiaji wa unga wasipigwe mawe wala kuchomwa moto. Ni watoto wetu, nao ni wagonjwa. Tangu mwisho wa mwaka 2014 hospitali ya Mathari ilianza kuwapa dawa ya methadoni, inayonywewa kila siku mbele ya mhudumu, na wako waliorudi kazini kwa njia hiyo. Chama kiteue watu wawili wa kuwasindikiza wanaotaka kwenda.

Neno la mwisho, Bwana Mwenyekiti. Wawili kati yetu walikwenda nyumbani kwa kijana yule. Hawakuipokea bahasha yake, na walimweleza sababu. Lakini walimwomba radhi kwa mizani mbili tulizozitumia. Alinyamaza kitambo, kisha akauliza kama mkopo huo utakuwa wa kweli au ni maneno ya mkutano tu. Jawabu la swali hilo halimo katika hotuba hii, bali limo mikononi mwenu mtakapopiga kura.

Twawaombea nyote afya na amani.

Ni sisi watumishi wenu,
Wanakamati.